Taa za Ubavuni za Mama Mkubwa

Karakana ya vivuko ilikuwa na mafundi wa kila aina: wa kuchomelea, wa injini, wa rangi, na mmoja ambaye kazi yake hasa ilikuwa kulalamika. Fundi umeme alikuwa mmoja tu, nao walimwita Fundi Mkono. Jina hilo alilipata kwa sababu taa hakuipima kwa kuitazama. Akishafunga balbu aliwasha swichi, akaweka kiganja juu ya kioo, akatulia. Kioo kikipata joto, aliguna kidogo akaenda zake. Jua likiwa kali jicho linadanganya, alisema, lakini mkono haudanganyi. Vijana wakaona huo ndio ubingwa wenyewe, na wawili watatu wakamuiga mpaka wakaungua vidole.

Ukweli ulikuwa mwingine, na walioujua walikuwa watatu: yeye, mkewe, na marehemu mama yake. Fundi Mkono hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani. Alizaliwa hivyo. Utotoni alitumwa bustanini kuchuma nyanya mbivu akarudi na kikapu cha mbichi, akachapwa kwa uvivu, akatumwa tena, akachapwa tena, mpaka mama yake alipong'amua kwamba mtoto hakuwa mvivu hata kidogo. Alipoomba kazi karakana, miaka ishirini na miwili nyuma, aliyempima macho alimsomesha herufi ukutani, kubwa mpaka ndogo, naye akazisoma zote bila kukwama. Rangi hakuulizwa. Ambaye hakuulizwa hana la kujibu, alijiambia, na akaishi na maneno hayo tangu siku ile. Nyaya alizitia alama kwa uzi, fundo moja kwa hii na mafundo mawili kwa ile, na wakubwa wakamsifu kwa unadhifu.

Taa za vyombo zenyewe hazikuwahi kumsumbua. Kivuko kina taa nyekundu ubavu wa kushoto na ya kijani ubavu wa kulia, ili chombo kingine kikikutana nacho gizani kijue kinaelekea wapi. Lakini rangi ilikuwa ya kioo, na kioo kilikazwa kwa skrubu tangu kiwandani. Balbu ya ndani ilikuwa ileile nyeupe, huku na huku. Mtu aliyefunga macho kwa kitambaa angeifunga sawasawa.

Kisha zikaja LED, balbu za kisasa zisizokula umeme mwingi. Balbu za zamani zilikuwa zikiungua kila baada ya wiki chache na kunyonya betri kama ndama, kwa hiyo ofisi ikaagiza taa zote za vivuko viwili zibadilishwe. Vivuko hivyo, kimoja kirefu na kimoja kifupi, watu waliviita Mama Mkubwa na Mama Mdogo, na hata kwenye redio wakubwa walishasahau majina yaliyoandikwa ubavuni. Barua ya ofisi ilieleza jambo moja kwa mkazo: LED nyeupe nyuma ya kioo cha rangi hutoa rangi iliyopauka, kwa hiyo nyuma ya kioo chekundu iwekwe LED nyekundu, na nyuma ya kioo cha kijani iwekwe LED ya kijani.

Fundi Mkono aliisoma barua mara tatu. Hakuogopa sana. Balbu zilikuja kwenye boksi, na kila boksi lilikuwa na maandishi. Rangi zilikuwa zimemtupa mkono tangu utotoni, lakini herufi hazikuwahi.

Sasa, mtunza stoo wa karakana alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu asiyeweza kuona karatasi chini asiiokote. Balbu zilifika Jumatatu jioni. Jumanne asubuhi Fundi Mkono alipokwenda kuzichukua, zile za ubavuni, nne kwa jumla, zilikuwa zimelala uchi kwenye kopo la biskuti.

"Boksi ziko wapi?" aliuliza.

"Nimezichoma na takataka nyingine," shemeji alisema kwa fahari. "Nimekupunguzia kazi, shemeji. Wewe na makaratasi yako mtaniletea panya."

"Zilikuwa na maandishi."

"Maandishi ya nini tena? Ziwashe tu, utaona hii nyekundu, hii kijani. Au siku hizi unataka kusomewa?"

Alikuwa anatania, kama mashemeji wanavyotaniana, na kwa mtu mwingine yeyote maneno yake yalikuwa sahihi kabisa. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, "Shemeji, hebu njoo uziangalie na mimi." Maneno machache tu. Lakini siri ya miaka ishirini na miwili inakuwa nzito kuliko mtu mwenyewe, na mwanaume wa miaka hamsini na mmoja, mwenye jina, mbele ya shemeji ambaye angelipeleka neno nyumbani na mtaani kabla chai haijapoa, aliona bora afe nayo. Alichukua kopo lake akaenda.

Mezani kwake aliziunga kwenye betri moja baada ya nyingine. Kwa macho yake zote zilitoa njano chafu ileile, ila mbili ziliwaka kwa nguvu na mbili zilififia. Akafikiri. Watu siku zote husema nyekundu ni rangi inayopiga kelele, rangi ya kusimamisha gari, rangi ya damu, rangi inayoonekana kutoka mbali. Basi iliyowaka kwa nguvu lazima iwe nyekundu. Hesabu ilikaa vizuri kichwani. Hakujua, na hakuwa na wa kumwambia, kwamba kwa macho kama yake nyekundu ndiyo inayofifia.

Akiwa ameinama hivyo, nahodha wa Mama Mkubwa alipita mlangoni. Huyo alibatizwa Kobe, kwa kuwa hakukuwa na jambo duniani lililomharakisha.

"Unazikagua?" Kobe aliuliza.

"Nazikagua."

"Ukishazikagua wewe, mimi nalala usingizi," Kobe akasema, akaendelea kwa mwendo wake.

Asubuhi ile alimfungia Mama Mkubwa taa zake. Kiganja kilimwangusha, maana LED haipati joto la kuhisiwa, kwa hiyo akapima kwa mita: umeme unapita. Kwenye chumba cha usukani vitaa vidogo vya paneli vikaonyesha kwamba taa zote zinawaka. Alipomaliza jua lilikuwa la utosi, na hakuna aliyesimama nje kutazama taa saa ile. Saa nane Mama Mkubwa akaondoka na abiria, na mchana uliobaki Fundi Mkono akamshughulikia Mama Mdogo, hatua kwa hatua vilevile.

Jua lilipozama, nahodha wa Mama Mdogo alifika kupokea chombo chake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha chombo kirefu, na hakupokea kitu kwa maneno ya mtu. Alitembea gatini mpaka mbele ya kivuko, akageuka, akakitazama.

"Ya mlingoti nzuri," alisema. "Ya nyuma nimeiona, nayo nzuri. Sasa washa za ubavuni."

"Zinawaka, Nahodha."

"Fundi, mimi nimesimama hapa nazitazama. Haziwaki. Zote mbili."

Fundi Mkono alipanda ngazi na mita yake. Umeme ulikuwa unapita. Akafungua skrubu za taa ya kushoto, akatoa kioo, na mwanga ukampiga usoni mpaka akafumba macho. Akarudisha kioo. Giza. Akakitoa: mwanga. Akakirudisha: giza. Mara ya tatu hakurudia, kwa sababu alikuwa ameelewa. Kioo chekundu kinapitisha nyekundu peke yake. Ukikipa kijani kinaimeza yote. Alikuwa ameziweka kinyume.

Kuzibadilisha kulimchukua dakika tano. Alipomaliza, Nahodha kule chini akainua dole gumba.

"Kulikuwa na nini?" aliuliza fundi aliposhuka.

"Waya ulilegea."

Uongo ulitoka wenyewe, laini, na Nahodha akaupokea bila kuutazama mara mbili. Angeweza kukusanya bisibisi zake akaenda nyumbani kula. Lakini alikuwa amezigawa balbu zote nne kwa hesabu moja. Ikiwa za Mama Mdogo zilikuwa kinyume, za Mama Mkubwa zilikuwa kinyume. Na Mama Mkubwa alikuwa kule majini, njiani kurudi, na abiria mia moja na arobaini, na mwanga wa mwisho ulikuwa unaondoka juu ya maji. Saa kama hiyo matishali ya mchanga huteremka kutoka machimboni, mazito, yasiyoweza kusimama ghafla.

Shemeji alikuwa anafunga stoo alipomwona gatini anakimbia kurudi kwenye ngazi ya Mama Mdogo, akamfuata.

"Za Mama Mkubwa zimewekwa kinyume," Fundi Mkono alimwambia, akihema. "Nyekundu na kijani."

Shemeji alisimama. Utani ulimwisha usoni. "Ni zile boksi," alisema. "Ni mimi." Kisha akamshika kiwiko, akateremsha sauti. "Sema boksi ziliandikwa vibaya kiwandani. Zimeshakuwa majivu, nani atazisoma? Mimi napona, wewe unapona."

Ulikuwa uongo mzuri, wenye miguu yote minne. Fundi Mkono aliuchukua. Alipanda kwenye chumba cha usukani cha Mama Mdogo, akamkuta Nahodha, akamwomba redio, akaita. Kobe alijibu bila haraka, kama kawaida yake.

"Kobe, boksi za zile balbu ziliandikwa vibaya," Fundi Mkono alisema. "Taa zako za ubavuni zimekaa kinyume, na hazionekani kwa mtu wa nje. Punguza mwendo, umtume baharia azibadilishe."

"Paneli inaonyesha zinawaka."

"Paneli inaona umeme tu. Haioni rangi."

"Fundi," Kobe alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemtuliza mgonjwa. "Boksi linaweza kukosea. Wewe hukosei. Nilikuona asubuhi kwa macho yangu, umeziwasha mezani unazikagua moja moja. Zingekuwa kinyume ungeziona palepale. Nina watu wamejaa hadi kwenye ngazi, siwezi kusimama katikati ya njia na kumning'iniza mtu ubavuni kwa ajili ya boksi. Tutaziangalia nikifika gati."

Fundi Mkono alishusha kipaza sauti cha redio. Heshima yake yote, aliyoijenga fundo kwa fundo, ilikuwa imekaa katikati ya njia na kumzuia kupita. Kama angekuwa fundi wa hovyo, Kobe angekuwa ameshasimama.

Redio ile haikuwa simu. Aliyesema alisikika na vyombo vyote vilivyokuwa majini, na ofisi ya mkuu wa karakana, na mlinzi wa geti ambaye kazi yake ya pili ilikuwa kusambaza habari. Wahenga walionya mtu asimwage mtama kwenye kuku wengi, na kuku walikuwa wamejaa masafa yote. Nahodha wa Mama Mdogo alikuwa amesimama pembeni yake. Shemeji alikuwa mlangoni, akimtikisia kichwa. Fundi Mkono alijisikia mdogo, na aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akabonyeza.

"Kobe, nisikilize. Boksi hazikuwa na kosa. Ni mimi. Niliziangalia lakini sioni. Macho yangu hayatofautishi nyekundu na kijani, tangu kuzaliwa. Sijawahi kumwambia mtu hapa kazini. Leo asubuhi nilibahatisha. Za Mama Mdogo nilikosea, nimezibadilisha sasa hivi, na nikamdanganya Nahodha kwamba ni waya. Zako nimekosea vilevile. Huna taa ubavuni, Kobe. Tafadhali simama."

Aliachia kitufe. Akageukia dirisha kumtafuta Mama Mkubwa gizani.

"Baharia anakwenda kuangalia," Kobe alisema hatimaye. Baada ya muda mrefu akarudi redioni, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo maneno yake yalikuja kwa haraka. "Ni kweli. Giza pande zote mbili. Nimepunguza. Mwambie baharia afanye nini."

Fundi Mkono akaanza kueleza: skrubu nne, toa kioo, zungusha balbu kushoto uivute, usiishike kwa mkono wenye maji. Alikuwa bado kwenye skrubu ya tatu sauti nyingine ilipoingia, nzito, ya mtu asiyemfahamu.

"Kivuko, hapa ni tishali la mchanga. Wewe ndiye huyo mwenye taa moja nyeupe mbele yangu?"

"Ndiye mimi," Kobe alisema.

"Mimi nilijua ni chombo kimetia nanga. Nilikuwa nakatiza mbele yako. Nageuza sasa hivi, kaa hapohapo."

Shemeji alikaa chini kwenye kizingiti na kushika kichwa kwa mikono miwili. Fundi Mkono alisubiri mpaka tishali liliposema limepita, kisha akaendelea na skrubu ya nne, kwa sababu baharia alikuwa bado anangoja na bisibisi mkononi. Hakuruka hatua hata moja.

"Zimewaka," Kobe alisema mwishowe. "Kushoto nyekundu, kulia kijani. Nakuja."

Baada yake ikaingia sauti ya mkuu wa karakana, kavu: Fundi Mkono na manahodha wote wawili, ofisini kwake, kesho saa mbili asubuhi. Hakuongeza neno.

Nahodha alichukua kipaza sauti mkononi mwa fundi, akakirudisha mahali pake.

"Waya ulilegea," alisema.

"Nilikudanganya, Nahodha."

"Mimi ningetoka na chombo hiki baada ya saa moja. Kama nisingetembea kwenda kutazama, ningetoka hivyohivyo." Alikuwa na hasira, na hakujaribu kuificha. "Miaka ishirini na miwili ungeniambia siku yoyote. Ningekuja kukutazamia. Ni kazi ya dakika moja."

Kilichomuuma Fundi Mkono zaidi ya ukali wake ni kwamba alisema kweli, ilikuwa kazi ya dakika moja.

"Mimi ndiye niliyechoma boksi," shemeji alisema kutoka chini kwenye kizingiti.

"Wewe ulichoma makaratasi," Fundi Mkono alisema. "Mimi ndiye niliyenyamaza."

Mama Mkubwa alifika gati akiwa amechelewa kwa nusu saa. Abiria walishuka wakinung'unika kama abiria wanavyonung'unika: mwanamke na mtoto aliyelala begani, mwanaume mwenye baiskeli, wanafunzi wanne wakibishana juu ya mchezo. Mmoja alimuuliza Fundi Mkono, kwa kuwa alikuwa amevaa ovaroli, kwa nini vivuko vya siku hizi vinasimamasimama njiani. Fundi Mkono alimwomba radhi. Aliwatazama wakipita mpaka wa mwisho, na machozi yakamtoka, akayaacha.

Kobe alishuka baada yao wote. Alisimama mbele yake, akamtazama usoni, na Fundi Mkono akajiandaa kwa lolote, hata kofi.

"Nilikuwa nakwambia niletee ule waya mwekundu," Kobe alisema polepole, "unaniletea zote mbili."

"Ndiyo."

"Nikawaambia watu, huyu fundi anafikiria mbele, anabeba wa akiba." Alivuta pumzi. Akatia mikono mifukoni. "Lile tishali nimeliona pua yake, Fundi. Nimeiona karibu kama mlango ule. Nimekukasirikia, na kesho nitakuwa bado nimekukasirika. Lakini ulipojua, ulisema, na ulisema mbele ya watu wote. Hilo nalo nitalieleza ofisini."

"Wanaweza kunifukuza."

"Wanaweza," Kobe alikubali. Akaanza kuondoka, mwendo wake uleule, kisha akasimama bila kugeuka. "Saa mbili kamili. Uvae vizuri. Na hiyo suruali na shati, kabla hujatoka nyumbani, muulize mtu rangi zake."

"Nitauliza," alisema Fundi Mkono.